Rangi Mpya, Kiti Hakina Namba

Jamani, hivi sisi watu wa Tanga tulimkosea nani? Reli ya nchi hii ilianzia kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani anatandika mataruma hapahapa Tanga, Dar es Salaam hawajui hata treni inalia vipi. Leo mimi, mzaliwa wa Ngamiani, nikiitaka treni ya abiria sharti nidandie Coaster pale Kange, nipite Muheza, nipite Hale, nikaisubiri Korogwe ile inayopita kati ya Dar na Arusha. Sababu ni kile kipande cha Ruvu hadi Mnyusi walichokiunga 1963. Wenyewe wanakisifu kwamba kimeunganisha nchi. Sawa, kimeunganisha. Lakini ndicho kilichoifundisha treni kutupita kwa nyuma kama mtu anayedaiwa dukani.

Basi juzi nilikuwa Dar kwenye msiba, nataka kurudi. Mama watoto akanitumia picha kwenye simu: "Baba Zuhura, tazama mabehewa yalivyokarabatiwa, yanang'aa! Na nauli nafuu kuliko basi." Mwanamke yule ukimtajia neno nafuu, hata sumu atauliza kama kuna ya rejareja.

Bodaboda nikamwambia nipeleke kwenye treni. Akanishusha kwenye jengo la vioo, kiyoyozi kinapuliza, vijana wana mabegi ya magurudumu. Nikasema alhamdulillahi, kumbe serikali inatujali. Mlinzi akaitazama tiketi yangu, akanitazama na mimi, akasema: "Mzee, hii ni ya umeme, ya Morogoro na Dodoma. Yako ni ile nyingine." Ile *nyingine*. Alivyoitamka, nikajua safari imeshaanza.

Nisiwe mwongo, behewa limepakwa rangi. Nje rangi, ndani rangi, dari rangi, feni rangi. Inaelekea fundi alikabidhiwa ndoo akaambiwa asirudi nayo. Kapaka komeo la dirisha, dirisha likaganda palepale lilipokuwa, nusu wazi nusu limefungwa: vumbi linaingia, upepo hauingii. Na vile vibati vya chuma vyenye namba, vinavyokaa juu ya egemeo la kiti, navyo kavipaka, tena mikono miwili. Mnaona balaa hilo? Tiketi zina namba, viti havina.

Yangu imeandikwa 46. Nikahesabu kutoka mlangoni, taratibu, kwa kidole. Ya 46 nikamkuta mzee mmoja ameshajaa, kiroba cha mchele kati ya miguu, koti jeusi na jua lote lile.

"Shikamoo mzee. Hapo ni pangu, arobaini na sita."

"Marahaba. Umehesabu kutoka mlango upi?"

Nikamwonyesha. Akacheka kidogo, akavua miwani, akaifuta. Nikauliza kwa adabu anashukia wapi. Same. Mpare! Nikajua nimekwisha. Mnawajua watani wetu wale: Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku.

Mkagua tiketi akaja. Akasema namba zinahesabiwa kuanzia mbele. Mzee akamwuliza, "Mbele ni wapi?" Akajibiwa, kwenye kichwa cha treni. "Vizuri. Siku ya kurudi kichwa kinafungwa upande wa pili. Namba nazo zitahama?" Mkagua tiketi akakuna kisogo. Abiria wakaanza kugawanyika, kundi la mlango huu na kundi la mlango ule. Bi mkubwa mmoja, mwenye ndoo mbili na mjukuu, alikuwa amekaa kimya muda wote, kumbe hata tiketi yake ni ya behewa jingine. Hakuna aliyemgusa. Sisi wenye haki zetu ndio tunatokwa jasho.

Hukumu ikatoka: "Sogeleaneni." Kiti cha watu watatu tukakaa wanne. Mzee akatangaza kwamba anakata rufaa, na kila stesheni akawa anawasimulia upya kesi walioingia karibuni, kuanzia mwanzo, mimi nimekaa ubavuni kwake nasikia navyozidi kuwa mbaya. Ruvu nilikuwa mtu asiyejua kuhesabu. Kufika Wami nimeshakuwa mtu aliyetaka kumpiga mzee wa watu.

Mwendo nao! Mjerumani alitoka Tanga 1893, akaingia Muheza 1896. Kilomita kama 40, miaka mitatu. Siku zote nilikuwa namcheka. Sasa nimemwelewa, maana yeye alikuwa anaijenga njia, sisi tumeikuta imeshajengwa na bado kuna mahali mtoto wa mchunga mbuzi alitembea sambamba na dirisha langu, akaniuliza habari za Dar, nikamjibu, akauliza na habari za Simba na Yanga, nikamjibu, mpaka akachoka yeye akarudi kwa mbuzi wake. Soketi ya kuchajia simu ipo, nzuri, mpya. Umeme ndio haujapanda treni. Choo sisemi, nina watu ninaowaheshimu wanasoma hapa.

Korogwe tuliingia usiku mkubwa. Nikashuka na mfuko wangu, kanzu niliyoivaa msibani imenata mgongoni kwa joto na jasho. Taa ya stesheni ikanimulika, kijana wa bodaboda akaita, "Mzee, nani kakupiga muhuri?"

"Muhuri gani?"

"Mgongoni. Namba. Imegeuka, ila inasomeka... nne... sita."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikavua kanzu palepale, nikabaki na fulana na msuli mbele ya wauza machungwa. Rangi ile mbichi, joto lile, kibati kimenichapa mgongoni wazi kabisa: 46! Nikakimbilia treni nikiinyanyua kanzu juu, "Mzee! Ushahidi huu hapa! Mzee wa Same!" Behewa likapita mbele yangu. Nikamwona dirishani, sasa kapata nafasi, kalaza kichwa pale nilipokuwa nimeegemea mimi, amelala fofofo. Wakaelekea Mombo.

Gari la Tanga hakuna hadi alfajiri. Mama watoto akapiga, "Umefika?" Nikamwambia nimefika Korogwe. "Sasa si umefika! Mabehewa je, mazuri?" Nikakata simu.

Asubuhi nilipoingia nyumbani akaipokea kanzu, akaanza kutafuta sabuni na mafuta ya taa. Nikamwambia weka chini, isiguswe hata na maji. Ipo kabatini, imekunjwa namba ikiwa juu. Mwezi ujao napanda treni tena, na safari hii nashuka Same.