Kiboksi cha sentimita 10 kinatosha kunasa mlipuko wa angani

Juzi usiku nilikuwa mwaloni Kibirizi, Kigoma, giza la mwezi, ziwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa mpaka unasema kuna mji kule majini, nikawaza kwamba huko juu nako kuna taa zinawaka na kuzimika ndani ya sekunde chache na sisi Watanzania hatuna hata jicho moja la kuziangalia.

Naongelea milipuko ya miale ya gama, yaani mwanga wenye nguvu kubwa sana usioonekana kwa macho. Nyota kubwa ikifa, au mabaki mawili ya nyota yakigongana, unatoka mmweko mkali ajabu ila hewa yetu inauzuia usifike chini, ndo maana lazima uufuate juu. Setilaiti za Vela za Marekani ziliunasa 1967 zikiwa kwenye kazi ya kuchunguza nani analipua nyuklia kwa siri, dunia ikaja kuambiwa 1973.

Sasa watu wanasema hiyo kazi ni ya mataifa yenye hela. Mi nakataa kabisa. Setilaiti GRBAlpha ya Wahungaria, Waslovakia na Wacheki, iliyorushwa Machi 2021, ilikuwa kiboksi cha sentimita 10 kila upande, ndani kulikuwa na kristali inayotoa kamwanga ikipigwa na gama afu sensa ya mwanga inahesabu. Tarehe 9 Oktoba 2022 ukaja mlipuko mkali kuliko yote iliyowahi kurekodiwa, mitambo mikubwa ikazidiwa, haka kadogo kakapima kilele chake vizuri tu! Udogo wenyewe ndo ulikasaidia.

Na setilaiti moja haitoshi maana dunia inaikinga sehemu kubwa ya anga, zikiwa nyingi mmweko unafika kwa hii kabla ya ile, hiyo tofauti ya muda ndo inaonyesha umetokea wapi, darubini zinageuzwa haraka kabla mabaki ya mwanga hayajafifia.

Setilaiti ya kwanza kabisa ya Ireland, EIRSAT-1, iliundwa na wanafunzi wa chuo kikuu Dublin, ikarushwa Desemba 2023 ikiwa na kinasa gama. Ya kwanza kabisa! Kwa hiyo na sisi tukiunda ya kwetu tusiishie kwenye kamera ya kupiga picha mashamba.

Pale mwaloni kuna dogo anatengeneza taa za sola za wavuvi, betri na saketi anaunga mwenyewe. Nilimweleza yote haya, akaniuliza huko juu inachajiwa na nini, nikamwambia sola, akavuta kigoda akakaa, akasema haya kaka, nichoree.