Niliagiza Ng'ombe, Nikaletewa Treni

Sisi Waswahili tuna ugonjwa mmoja: neno likishaandikwa, tunalisoma vilevile lilivyo. Ndivyo nilivyopiga simu duka moja la vitabu vya mitumba hapa Dublin nikiulizia "The Tein". Nilitaka The Táin, kisa cha kale cha Ayalandi, kwa tafsiri ya Kiingereza ya Thomas Kinsella iliyotoka 1969, ile yenye michoro ya wino mweusi ya Louis le Brocquy.

Kisa chenyewe ni cha wizi wa ng'ombe. Malkia Medb wa Connacht, magharibi mwa Ayalandi, na mumewe Ailill wako kitandani wanahesabiana mali. Kila kitu kinalingana, ila fahali mmoja mwenye pembe nyeupe, aliyezaliwa kwenye kundi la Medb, alikataa kuitwa mali ya mwanamke akahamia kwa mume. Basi mama anapeleka jeshi zima Ulster, kaskazini, kumfuata fahali wa kahawia wa Cooley. Mfugaji yeyote wa kwetu ataelewa bila kufafanuliwa.

"Ile ya Ulster?" mzee wa dukani akauliza.

"Hiyohiyo."

"Ya zamani?"

"Ya zamani kabisa, mzee wangu."

"Yenye picha nyeusi na nyeupe?"

"Umenifikia!"

Euro 14. Jioni nikapita, nikakikuta kimeshafungwa kwenye karatasi ya kaki, nikatia kwapani. Kitabu cha mtumba hufunguliwa hapohapo dukani: unatazama jina, unageuza ukurasa wa jina uone mwaka, kisha unapekua hadi mwisho, maana kurasa za picha ndizo zinazonyofolewa kwanza. Haya yote nayajua. Nilikuwa nawahi basi.

Jumamosi kwa shemeji, binti yake anatimiza miaka 7, watoto kumi na mmoja wamekaa chini, na nimeshatangazwa kwamba anko atasoma hadithi. Nikachana kaki kwa mbwembwe. Jaladani, kichwa cha treni kinafuka moshi.

Mzee wa watu alisikia "train". Ile r sikuitamka mimi, aliitia mwenyewe.

Sikukubali kushindwa. Nikafungua katikati nikaanza kusoma, nikitumaini ng'ombe watatokea mbele. Nilichokipata ni kwamba upana wa njia ya reli ya Ayalandi ni futi 5 na inchi 3. Watoto kimya. Mmoja akauliza, "Anko, huyu treni anaitwa nani?"

Nikafunika kitabu, nikaingia kwa kichwa ya Setanta, shujaa wa Táin alipokuwa mtoto: mtoto anachelewa karamu ya mhunzi Culann, mbwa mkali wa mhunzi anamrukia, mtoto anampiga mpira kwa kigongo ukazama kooni, mbwa kwisha. Kwa kuwa amemwulia mtu mlinzi wake, anajitolea kulinda nyumba yeye mpaka mbwa mwingine akue. Toka siku hiyo akaitwa Mbwa wa Culann, kwa maandishi Cú Chulainn, yaani, nikasema kwa sauti nzito, Chuchulaini.

Wakaanguka kwa kicheko. Nilisahau kwamba watoto hawa wanafundishwa Kiayalandi shuleni. Binti wa sikukuu akanishika goti kwa huruma: "Anko, ni Kuu Khulin." Hiyo kh ni ya kheri na khamsini, Mswahili anaiweza vizuri tu, kilichonikosesha ni macho. Nikamtaja Medb, "Medibu", wakaangua tena. Ni Meiv. Niamh, mwanamke mwingine wa hadithi hizi, ni Niiv. Aoife, yule mama wa kambo aliyewageuza watoto wa Lir kuwa bata maji kwa miaka 900, ni Ifa. Nikasahihishwa jioni nzima, keki nikala ya mwisho.

Tena ilikuwa salama yangu. Kinsella hakuficha kitu, na yale ya Medb usingeyasoma mbele ya shemeji. Usiku nikatafuta vya watoto: Joseph Jacobs, More Celtic Fairy Tales ya 1894, watoto wa Lir wamo, James Stephens, Irish Fairy Tales ya 1920, yenye picha za Arthur Rackham. Vya Lady Gregory, Cuchulain of Muirthemne ya 1902 na Gods and Fighting Men ya 1904, ni vya wakubwa zaidi. Vyote ni bure mtandaoni. Ukinunua nakala mpya ya bei chee iliyochapwa kutoka skani, uliza kwanza kama picha zimo. Na unapotafuta, andika jina kwa sura zake zote, Cuchulain, Cú Chulainn, Cuchullin, ama Medb na Maeve, la sivyo nusu ya vitabu hutaviona.

Jumatatu nikarudi dukani na jina kwenye karatasi, mkwaju juu ya a. Mzee akasoma. "Aaa! Toin!" Akakitoa rafu ya nyuma yangu.

"Na kile cha treni umekirudisha?"

Nikamwambia hakirudi. Mdogo wake binti wa sikukuu, miaka 4, analala nacho.