Saratani ya Mapafu: Dawa Kabla ya Kisu

Familia inapoambiwa kwamba uvimbe wa pafu umegunduliwa mapema na bado unaweza kukatwa, swali lao la kwanza huwa ni tarehe ya upasuaji, na daktari anayeshauri wiki tisa za dripu kwanza huonekana kama anayepoteza muda. Hofu hiyo ina msingi, kwani wapo ambao ugonjwa husonga wakiwa kwenye dawa na nafasi ya kukatwa ikawapita.

Hata hivyo, katika jaribio la CheckMate 816 lenye wagonjwa 358, waliopewa nivolumab, dawa inayochochea kinga ya mwili ishambulie saratani, pamoja na tibakemikali waliofika kwenye upasuaji walikuwa asilimia 83.2, na waliopewa tibakemikali pekee 75.4. Ni kweli halikuwamo kundi lililokatwa moja kwa moja, lakini tiba ya kinga haikuwazuilia watu mlango wa chumba cha upasuaji.

Takwimu ninayoirudia kila mara ni ya maabara. Mtaalamu wa patholojia hukata kipande cha pafu vipande vyembamba, akavitazama kimoja kimoja kwa hadubini, na kwa asilimia 24 ya waliopata dawa zote mbili alikuta kovu na seli zilizokufa, bila seli hata moja hai ya saratani. Kwa tibakemikali pekee ilikuwa asilimia 2.2. Uvimbe ukiwa bado mwilini, kinga ina kitu cha kujifunzia, na tukiukata kwanza tunaiondolea somo lenyewe. Baada ya miaka mitano walio hai walikuwa asilimia 65.4 dhidi ya 55.0, na watu kumi katika kila mia si wachache.

Kinachonisumbua ni dawa ya kinga inayoendelezwa hadi mwaka mzima baada ya upasuaji katika baadhi ya mipango, huku kinga iliyochochewa ikiweza kuharibu tezi ya shingo kiasi cha mtu kumeza vidonge maisha yake yote. Julai 2024, washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walikubaliana kwa kura 11 kwa 0 kwamba majaribio mapya yaonyeshe mchango wa kila awamu, ya kabla na ya baada ya upasuaji. Naona walikuwa sahihi: awamu ya kabla ya kisu imejithibitisha, ya baadaye bado inadaiwa ushahidi.

Wenye saratani yenye mabadiliko yanayojulikana ya jeni ziitwazo EGFR na ALK hawakuingizwa katika jaribio la CheckMate 816, kwa hiyo kipimo cha jeni kitangulie dripu ya kwanza.