Dansi Limekufa, Kiingilio Elfu Tano

Kila mtu wa makamo hapa Dar ana hotuba moja kichwani: muziki wa dansi umekufa. Utaisikia kwa kinyozi, utaisikia kwenye daladala redio ikipiga zilipendwa. Mtu anafumba macho, anakuimbia ubeti mzima, gita la solo analipiga kwa mdomo, kisha anashusha pumzi: "Ule ndio ulikuwa muziki, bwana. Siku hizi hakuna." Muulize mara ya mwisho kulipa kiingilio ni lini. Anaanza kukohoa.

Sasa mimi nauliza, kama limekufa, hawa wanaonidai elfu tano mlangoni kila Jumamosi ni nani? Na kama kweli ni msiba, mbona ninayekesha matangani na kutoa rambirambi ni mimi, wakati ndugu wa marehemu wote wako kwao ndani ya neti wanakoroma?

Mimi ni fundi friji, Temeke. Sina hela. Hapa ninapoongea, friji la mama mmoja wa mtaani kwetu anayeuza barafu za ubuyu liko kibandani kwangu linasubiri kompresa, na kompresa inasubiri mimi nipate hela. Lakini Jumamosi ikifika nanyoosha shati naenda ukumbini, kwa hiyo nina haki zote za kulalamika. Bendi gani, ukumbi gani, sisemi, nisije nikanyimwa kiti.

Tuanze na saa. Tangazo linasema bendi inapanda saa mbili kamili usiku. Hiyo "kamili" ndiyo inayoniuma. Ukifika saa mbili kamili unakuta viti vya plastiki bado vimepandana, na jamaa mmoja kapiga magoti nyuma ya spika, koleo mkononi, selotepu nyeusi mdomoni. Huyo ndiye fundi mitambo. Saa tatu anashika maiki: "Cheki, cheki. Moja, mbili. Moja, mbili." Tangu nimjue sijawahi kumsikia akifika tatu. Mpiga drums yuko kwenye banda la chipsi anasubiri zege lake. Mpiga tumba kapiga simu tangu saa moja kwamba ameshafika TAZARA, na mpaka sasa bado anafika TAZARA. Saa nne wanapanda vijana wanapiga ala tupu, muziki wa kupashia viti. Wale wenyewe, waliokufanya uage nyumbani, wanapanda saa sita, daladala ya mwisho ya Mbagala ikishapita. Zamani nilidhani ni uzembe. Siku hizi naamini ni mpango: ukishakosa gari unakwenda wapi? Unakaa, unaagiza.

Kuagiza nako ni kesi. Naomba soda, mhudumu ananiuliza, "Moja?" Hilo "moja" lake linavyotoka, meza ya tatu wote wanageuka. Nilijaribu kumwelimisha. Nikamwambia, mwanangu, utaratibu wa mjini ni huu: bendi inachukua mlango, mwenye baa anachukua vinywaji. Kwa hiyo mtu wa soda moja aliyelipa mlangoni ndiye mpenzi halisi wa muziki, na yule mwenye meza iliyojaa chupa ni mpenzi wa mwenye baa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta meza, akaondoka na kiti nilichomwekea rafiki yangu.

Halafu watu wanashangaa bendi zimepungua. Hesabu tu jukwaani. Gita la solo, gita la kati, rithimu, besi, kinanda, drums, tumba, tarumbeta mbili, saksafoni, waimbaji wanne, wanenguaji wanne. Hujamgusa fundi mitambo wala dereva wa gari la vyombo, umeshavuka watu kumi na tano. Wakiingia watu mia moja kwa elfu tano ni laki tano. Toa mafuta, toa tangazo, toa zege la mpiga drums, gawanya kilichobaki. Mwenzao wa Bongo Fleva anakuja na flashi mfukoni. Flashi haili chipsi, haidai nauli, haigombani na mke.

Lakini kilio changu kikubwa ni kutunza. Kutunza ndiyo heshima ya ukumbini. Mwimbaji amekuimbia mpaka mishipa ya shingo imesimama, huwezi kukaa umekunja mikono kama mgeni rasmi. Unainuka, unaserereka taratibu mpaka mbele, noti imebanwa kati ya vidole viwili watu waione, unaibandika kwenye paji la uso lenye jasho, inakaa, unarudi kwenye kiti unacheza kinyumenyume. Zamani noti ya mia tano ilitosha kwa mtu wa hali yangu. Mwaka 2014 Benki Kuu ikatoa sarafu ya mia tano, na zile noti zikaanza kupotea. Sijui waliokaa kwenye kile kikao walikuwa wapenzi wa muziki gani! Sarafu utaibandika wapi? Haikai pajini. Ukiiweka kwenye mfuko wa shati la mwimbaji italia "ting" akiruka. Ukimrushia, mabaunsa watasema unampiga mwanamuziki mawe. Ikabidi sisi watu wa mia tano tupande wote kwa pamoja hadi elfu moja, bila maandalizi, bila semina. Mfumuko wa bei wanauongelea kwenye taarifa ya habari, wa kutunza hausemwi na mtu.

Na angalia maajabu. Mji mzima huu hauna chenji. Konda hana chenji, mwenye duka hana, anakupa pipi. Ila ukumbini ukitoa elfu kumi, yule yule mhudumu aliyekununia kwa soda anakuletea noti kumi za elfu moja, mpya, zimenyooka. Kwa nyimbo tatu zote zimekwisha, na hukumbuki uliinuka lini.

Mezani huwa nakaa na mtani wangu. Mimi ni mtu wa bendi ya Msondo, yeye wa bendi ya Sikinde. Tukiwa kazini tunasaidiana mpaka bisibisi. Tukikaa ukumbini, hata bendi inayopiga ikiwa ya watu wengine kabisa, lazima tugombane. Yeye silaha yake ni jina. "Bendi gani kila siku inabadili jina?" Namweleza, bendi ilianza 1964 ikiwa NUTA Jazz, ya chama cha wafanyakazi. Chama kikawa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Chama kikawa OTTU, nayo ikawa OTTU Jazz. Sasa kosa la mpiga gita liko wapi hapo? Viongozi wanabadili mihuri, yeye anapaka rangi upya ngoma za drums. Mwisho wakachoka wakaitwa Msondo Ngoma, baba ya muziki, tukapumzika.

Hapo mtani anamtoa mwimbaji marehemu Muhidini Gurumo. Anasema ni wa kwao. Nami nasema ni wa kwetu. Tatizo ni kwamba wote tunasema kweli: mzee alikuwa NUTA, mwaka 1978 akaenda kuanzisha Mlimani Park, ambayo ndiyo hiyo Sikinde, miaka ya themanini akaenda bendi ya Safari Sound kupiga mtindo wa Ndekule, kisha akarudi nyumbani Msondo. Amefariki 2014, na sisi bado tunagawana. Ugomvi huu huwa hauishi mpaka mmoja aende msalani.

Tukishachoka kugombana tunageuka kulalamika pamoja, ndiyo raha yenyewe. Enzi zile kila taasisi ilikuwa na bendi. Bima walikuwa na Bima Lee. Mabasi ya UDA yalikuwa na UDA Jazz. Yaani basi likikuchelewesha asubuhi, jioni bendi yake inakubembeleza. Vijana wa chama walikuwa na Vijana Jazz, polisi na Polisi Jazz, jeshi nalo lilikuwa na bendi zake. Mwanamuziki ana mshahara, vyombo ni vya mwajiri, wimbo ukirekodiwa Redio Tanzania nchi nzima inauimba kwa sababu redio ilikuwa hiyo hiyo moja. Kisha mashirika yakayumba, mengine yakauzwa, miaka ya tisini redio binafsi zikaja na muziki wao, vyombo vikachakaa bila wa kuvinunua. Leo taasisi ikitaka burudani inakodi MC na spika mbili. Kama zile ofisi za siku hizi zinazotukata hela kwenye luku zingekuwa na bendi, mbona tungelipa tunacheza!

Pamoja na yote hayo, kuna ile saa saba. Waimbaji wamejipanga mstari mmoja, bega kwa bega, wanaitikia kwa sauti moja. Rithimu inachonga chini kwa chini, solo inaanza kuulizana na gita la kati, wewe bado umekaa unajidai mzito. Halafu tarumbeta zinaingia. Hapo, bwana, sijui kiti kinakwendaga wapi. Unajikuta katikati ya ukumbi na mama mmoja mwenye kitenge humjui kwa jina, mnacheza rumba la kistaarabu, visigino havinyanyuki, na yeye anajua, na wewe unajua. Sebene likilipuka kila mtu na lake. Ile elfu tano ya mlangoni hata kuikumbuka siikumbuki, naikumbuka Jumatatu.

Mpiga tumba tumezoeana, akitaka kunywa maji huniachia manyanga. Siku moja niliyatikisa vizuri tu, mwendo ukaanza kuyumba, jukwaa zima wakanigeukia mimi. Mbona mwenye besi hamkumwangalia?

Nataka kitu kimoja tu maishani: kutajwa. Si unajua vile rapa anavyowachana watu majina katikati ya sebene? Mwagizaji wa magari wa Mbezi akitoa elfu hamsini anatajwa yeye, mkewe, watoto wake na mbwa. Mimi nilimpenyezea rapa elfu mbili na karatasi: Mzee wa Friji, Temeke. Nikarudi, nikamwambia mtani atege sikio. Rapa akaangalia karatasi, akaikunjia jicho, akapaza: "Mzee wa Fiji! Kutoka nje ya nchi!" Ukumbi mzima ukanipigia makofi ya mgeni. Mtani alicheka mpaka akaomba maji.

Kutajwa hasa ni kwa mwanamuziki marehemu Remmy Ongala. Nenda Sinza, kituo kinaitwa kwa Remmy. Ametutoka 2010, na leo makonda wanamtaja kutwa kucha, "Kwa Remmy! Kwa Remmy wapo?" Wanamtaja hata waliozaliwa bila kuisikia bendi yake, Super Matimila, na hawajapewa elfu mbili na mtu.

Basi juzi nimetoka ukumbini saa tisa za usiku, masikio yanavuma, nimepanda bodaboda, nimebakiwa na elfu mbili yake. Kukunja kuingia mtaani kwetu, njia imezibwa. Turubai, spika zimepandana mpaka usawa wa bati, kigodoro, ile ngoma ya kukesha mtaani. Singeli! Muziki unakwenda mapigo mia mbili na ushee kwa dakika, watoto wa watu wanacheza kama wanakanyaga moto. Nikaanza kufoka: hawa hawalali? Hawana wazazi? Nikashuka ili nipenye pembeni nimeinamisha kichwa.

Yule kijana wa maiki akaniona.

"Oyaaa! Fundi friji kaingia! Fundi friji wa Temeke, nyumba ya bati jekundu, nyuma ya msikiti! Fundi, friji la mama barafu liniii?"

Mtaa mzima: "Liniii?"

"Tangu Iddiii!"

"Tangu Iddiii!"

Mama barafu mwenyewe yuko mbele, kanga kiunoni, anaitikia kuliko wote. Na kwa kasi yote ile, kijana hajakosea neno hata moja. Jina, kazi, mtaa, rangi ya bati. Nikatia mkono mfukoni, nikasogea taratibu, vidole viwili, nikambandika noti kwenye paji la uso. Ikakaa.

Nyuma yangu honi: "Mzee! Hiyo si ndiyo yangu?"