Unatokea Upande Gani?

Ngamiani ni mtaa ambao mwalimu wa hesabu angeupenda. Barabara zake nyingi hazikupewa majina ya mashujaa wala ya miti, zilipewa namba: ya Sita, ya Nane, ya Kumi na Mbili, zimelala sambamba ng'ambo ya reli ambayo ujenzi wake ulianzia hapa Tanga mwaka 1893. Ungetegemea kuelekezana kuwe ni kuhesabu tu. Sasa mpigie bodaboda umwambie uko Barabara ya Kumi na Mbili. Atakuuliza, "Unatokea upande gani? Karibu na kwa nani?" Namba ameisikia vizuri, lakini bado hajajua uko wapi.

Wapo wanaouita huo ushamba, hasa wakishazoea ramani za simu. Mimi naona bodaboda anauliza swali ambalo wanafalsafa wa Ulaya waligombana nalo miaka mingi.

Isaac Newton, mwaka 1687, alisema nafasi ipo yenyewe, imetulia, iwe na vitu ndani yake au isiwe na kitu. Leibniz, mwanafalsafa wa Ujerumani, akakataa. Katika barua alizoandikiana na Samuel Clarke, mtetezi wa Newton, mwaka 1715 na 1716, alishikilia kwamba nafasi ni mpangilio wa vitu tu, hiki kikiwa kando ya kile; ukiviondoa vyote hakuna nafasi inayobaki. Waliochora Ngamiani walikuwa upande wa Newton: mistari kwanza, watu baadaye. Wanaoishi humo wako na Leibniz: nyumba ipo nyuma ya msikiti, mkabala na muuza mkaa, ukishampita fundi cherehani.

Ila wana lao ambalo hata Leibniz lingempa shida. Mwembe unakatwa, na watu wanaendelea kuelekezana "pale kwenye mwembe". Mgeni anazunguka kutafuta mti ambao hajawahi kuuona na hatauona. Kitu kimeondoka, mahali pake pamebaki, na panashikiliwa na kumbukumbu za majirani. Mtoto aliyezaliwa baada ya mwembe naye anapajua. Sijui Newton angefurahi au angekasirika.

Na lile swali la "unatokea upande gani" ni la Kant kabisa, mwanafalsafa mwingine wa Ujerumani. Mwaka 1768 aliandika kuhusu mkono wa kulia na wa kushoto. Mimi napenda kulifikiria jambo hilo kwa kandambili, mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Urefu sawa, upana sawa, umbali wa mkanda hadi kisigino sawa. Hakuna kipimo hata kimoja kinachozitofautisha, na bado ya kushoto haikubali mguu wa kulia (aliyeondoka na za kushoto mbili ameshalijua hilo kabla ya kufika kwake). Kwa Kant, hiyo ilionyesha kwamba umbali kati ya vitu hautoshi kueleza nafasi, na kwamba pande zote tunazijua kwa kuanzia kwenye miili yetu. Ndiyo maana "kata kulia" haina maana yoyote mpaka bodaboda ajue umeelekea wapi.

Baharini hata mwili unanyang'anywa kazi hiyo. Kwenye jahazi, upande wa goshini ni ule upepo unakotoka, wa demani ni ule unakokwenda. Chombo kikigeuza tanga, pande zinabadilishana na mbao ni zile zile. Wasemaji wa Guugu Yimithirr huko Queensland, Australia, ndio wamefika mbali zaidi: katika lugha yao ya asili, hata sisimizi aliye mguuni mwako hutajwa kwa kaskazini na kusini.

Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, operesheni ya anwani za makazi ilipita nchi nzima, nyumba zikapewa namba. Sina ugomvi nayo. Gari la zimamoto halina muda wa kuulizia kwa muuza mkaa. Ninachokataa ni ile imani kwamba kibao kikishabandikwa, maelekezo ya zamani yawe kichekesho cha wazee. Kama ningeulizwa, chini ya namba ya nyumba ningeacha mstari mmoja mtupu, mwenye nyumba ajaze mwenyewe: ukitokea stendi ya Kange unafuata wapi, na ukipotea umuulizie nani.