Msiba wa Ryuzo si pambo la mapenzi
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema tamthilia za Kijapani huifanya vita pambo la kukolezea mapenzi. Kwa "Oshin" ya NHK, shirika la utangazaji la Japani (1983–84, vipindi 297, si mchezo!) nakataa. Ryuzo, mume wa mhusika mkuu Oshin, hakuwa katili. Alifanya biashara na jeshi, akawahimiza vijana wa mtaani waende vitani, na Japani iliposhindwa mwaka 1945 akajiua. Mwanawe Yu naye hakurudi kutoka vitani. Sasa Oshin amlilie vipi mume aliyempenda, ambaye ndiye aliyewapeleka wana wa watu kufa? Kota, penzi la kwanza la Oshin, sikumlilia hivyo. Ila hapa nampa haki mwandishi: njaa na mabomu yaliyowapata Wajapani tunayaona sana, yaliyowapata Wachina kwa nadra.