Mnashangilia farasi, daraja hamlioni

Jana kijana mmoja kanirushia kavideo ka mapigano ya Falling Waters, Julai 14, 1863, ile vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Kaskazini na Kusini. Farasi wanatimua vumbi, panga juu, muziki wa mbwembwe, eti ushujaa. Ushujaa gani jamani? Jenerali Lee wa Kusini katoka kuchapwa Gettysburg, jeshi lake limevuka mto Potomac usiku kucha kurudi Virginia, kwao Kusini, asubuhi wamebaki walinzi wa nyuma tu, ndo Jenerali Kilpatrick wa Kaskazini anamtuma Meja Weber na watu wake wachache wa Michigan wapande kilima kuvamia watu waliojichimbia! Waliweza kusogea kwa sababu Wakusini walidhani ni wenzao. Weber akafa palepale. Haya, Jenerali Pettigrew wa Kusini naye alikula risasi ya tumbo, akafa siku tatu baadaye, na mateka walikuwa mamia, nakubali. Ila jeshi lenyewe lishavuka.

Farasi wa maana walipita hapohapo tarehe 4, siku kumi kabla. Kikosi kidogo cha Kaskazini kilikuta daraja la maboya la Lee lina walinzi kiduchu, wakalivunja, wakaondoka zao. Mvua ikamalizia, mto ukafurika, Lee kabanwa Williamsport, mji wa ukingoni hapo, na mikokoteni ya majeruhi. Mimi nishawahi kulala kwenye basi masika daraja limekatika, tunaangalia maji ya tope yanapita na mti mzima na mizizi yake, konda kanyamaza, konda! Sasa fikiria hapo nyuma yako kuna jeshi linakufukuza. Hao waliovunja daraja wangapi wanawajua? Hawana hata kavideo.

Jenerali Meade, mkuu wa jeshi la Kaskazini lililokuwa linamfukuza Lee, alipofika akaitisha kikao usiku wa tarehe 12, makamanda wake wengi wakagoma kushambulia. Sitaki kumwonea, Lee alikuwa kajichimbia kweli. Ila wao wanajadili, Wakusini walikuwa washabomoa maghala kupata mbao na kuunganisha daraja jipya. Rais Lincoln alimwandikia Meade barua ya uchungu mpaka mwenyewe akaona asiitume.

Na hilo jeshi lililoponyoka, kwenye safari hiyohiyo lilikuwa limekamata watu weusi huru kule Pennsylvania, jimbo la Kaskazini, likawapeleka kusini utumwani. Watu waliokuwa na nyumba zao na watoto wao. Kwa hiyo huo muziki tunacheza ya nini?

Vita ikaburuzwa mpaka Lee akasalimu amri Aprili 1865. Na siku ile ya mapanga, farasi walipofika ukingoni, kamba za daraja zilishakatwa.